Sikio la Fundi Bomba

Ofisini kwa wakala wa vyuo vya ng'ambo, kalamu ilikuwa imeshagusa kisanduku cha mapishi kwenye fomu, binti alipoinua kichwa ghafla kama paka aliyesikia panya.

"Tia alama, mwanangu," shangazi alimhimiza. "Wapishi wanatakiwa huko ng'ambo. Ukimaliza chuo, ukaazi wa kudumu huo, umeupata! Mabomba ya baba'ako waachie wanaume."

Wakala aliafiki. Hakujua kwamba binti huyu huunguza hata chai. Lakini kwa mabomba, hana mpinzani: mtaani waliapa kwamba bomba likivuja nyumba ya kumi, yeye kitandani kwake huota mvua.

"Ukuta wako unavuja," binti alimwambia wakala.

"Umepakwa rangi juzi tu, dada yangu. Tumalize fomu."

Binti aliinuka, akapiga magoti nyuma ya kiti cha wakala na kubandika sikio ukutani. Alisogea kidogo, akafumba macho, kisha akachora duara kwa ukucha.

"Hapa."

Wakala alicheka, akainama, akalibonyeza duara lile. Kidole kilizama chote, na maji yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko.

Shangazi aliyatazama maji, kisha akaitazama fomu.

"Na mafundi bomba je," aliuliza, "huko hawatakiwi?"

Wakala, kidole kingali kimeziba tundu, alifunua orodha kwa mkono wa pili.

"Wanatakiwa kuliko wapishi, mama. Ila nakuomba, asisafiri leo."

Binti alikuwa ameshatia alama kwenye kisanduku cha ufundi bomba, na sasa alikuwa anapekua mkoba akitafuta spana.