Matone kwenye Njia ya Munigi

Fundi Zéphirin alipitisha kidole chini ya kifuniko cha pampu ya maji, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali.

“Ni maji, Papa Donat. Moto yako inalia tena.”

Barthélemy, baba wa Donat, alitazama barabarani kuona kama kuna aliyesikia. Moto hiyo, yaani pikipiki, alizawadiwa na baba mkwe wake, mfanyabiashara wa Butembo, siku alipomwoa Kahambu. Injini yake ilipozwa kwa maji, na mtaani kwao Goma hapakuwa na nyingine ya namna hiyo. Pikipiki za wenzake zilidondosha oili. Yake peke yake ilidondosha maji. Popote iliposimama iliacha alama kwenye vumbi jeusi la volkano, na mwenye macho alijua kwamba Citoyen Barthélemy, kama raia walivyoitwa miaka ile, alikuwa hapo.

Na kulikuwa na mahali ambapo Barthélemy hakutaka kabisa ajulikane kuwa alikuwapo.

Mara ya kwanza Zéphirin alikuta gasketi imeoza. Akalaza kipande cha katoni juu ya kifuniko, akagongagonga pembezoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo lote likajichora, akalikata kwa mkasi, akalipaka grisi, akafunga. Halikutoka hata tone. Baada ya juma moja pampu ikavuja. Alipoifungua tena, gasketi ilikuwa nzima. Boliti zake nne ndizo zilizolegea. Leo ilikuwa vilevile.

“Joint iko muzuri,” alisema fundi. “Shida ni visi. Na visi haziwezi kulegea zote ine sawasawa hivi. Clé de huit ya hii moto iko wapi?”

Barthélemy alifungua kifuko cha vifaa chini ya kiti. Spana namba nane haikuwamo.

“Itakuwa ilianguka mu njia.”

“Kwako hakuna mutu anashikashika vyombo?”

Barthélemy akacheka. “Nani? Mama Donat? Ule hajue hata tanki ya essence iko wapi! Kaza tu, Zéphirin. Kaza mpaka mwisho.”

Kicheko kilimtoka mdomoni, lakini kifuani aibu ilikuwa imejaa tele. Kila Jumamosi alimwambia Kahambu kwamba ana mkutano wa chama, na miaka ile ya chama kimoja hakuna mke aliyethubutu kuuliza kuna nini kwenye mkutano wa chama. Kisha alivaa abacost yake, suti ya chama isiyo na tai, akashika njia ya kijiji cha Munigi, nje ya mji, akaenda kuificha pikipiki nyuma ya kibanda cha mbao cha Eugénie.

Eugénie aliuza makaa. Alipomfungulia mlango wa nyuma aliweka mikono mgongoni, asije akamchafulia nguo.

“Hawakukuona?”

“Hapana.”

“Basi usikawie. Mama Donat ataanza kuuliza.”

Barthélemy alimletea sabuni, chumvi na sukari. Naye Eugénie alimpa viazi vya moto, vile vikubwa alivyomwekea tangu asubuhi, akakaa kumtazama anavyokula. Hakuwahi kumwomba ampeleke Goma. Hakuwahi hata kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Barthélemy zaidi. Eugénie alikuwa amezoea kufichwa.

Kila Barthélemy alipotoka pale alijiona mtu wa ovyo kabisa. Mara nyingi aliapa njiani kwamba leo atamwambia Kahambu, na alipofika kwenye uwanja wa ndege wa Goma kiapo kilikuwa kimekwisha kuyeyuka. Angeanzia wapi? Ukoo wa Kahambu ulimpokea kama yatima wa Masisi aliyelelewa na mapadri, kijana msomi, safi, asiye na makandokando. Wakijua kuna Eugénie, baba mkwe angekuja siku hiyohiyo kumchukua binti yake na mjukuu wake. Naye Barthélemy hangekuwa na uso wa kumzuia.

Nyumbani, Kahambu hakuuliza kitu. Aliandaa chakula, akamwogesha Donat, akafagia vumbi juu ya kidimbwi kilichobaki chini ya pikipiki. Jumamosi iliyopita alikuwa amerudi sokoni jioni, hoi, miguu myeusi kwa vumbi mpaka kwenye vifundo.

“Soko imehama?” Barthélemy alimtania.

“Nilizunguka,” alijibu Kahambu, akaenda kunawa.

Barthélemy alimshukuru Mungu kwa kumpa mke asiye na udadisi.

Jumamosi iliyofuata Kahambu alitoka mapema, mtoto mgongoni, akisema anawahi nyanya za bei nafuu. Barthélemy alipiga magoti uani, abacost na yote, akaikagua pikipiki yake. Boliti zote zilikuwa zimekaza. Alikwenda mpaka Munigi akigeuka nyuma mara kwa mara, na kila alipogeuka barabara ilikuwa kavu.

Nyuma ya kibanda aliinama tena, akapitisha kidole chini ya kifuniko kama alivyomwona fundi akifanya. Kikavu. Alingoja kidogo, akapitisha tena. Kikavu vilevile. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu juma lianze. Sasa angeweza kuja na kwenda, na dunia isijue. Akachukua kifurushi chake cha sabuni, akausukuma mlango.

Kahambu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Donat alikuwa amelala mapajani mwa Eugénie, shavu lake jeusi kwa masizi ya makaa.

Kahambu hakusimama. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa spana ndogo namba nane, akaiweka juu ya meza.

“Karibu, Papa Donat,” alisema. “Uliniambiaka mama yako alikufaka.”