Betri za Marehemu

Mama mkwe aliutafuta ufunguo kila mahali isipokuwa shingoni mwake, ulikokuwa unaning'inia.

Mke wa mwanawe, ambaye sasa watu walimwita mjane, alimwonyesha kwa kidole.

"Huo hapo, mama."

"Uzee huu, mwanangu." Lakini hakuuvua. Kwanza alitaka kujua mbona wamekuja bila kutuma salamu. Kisha akamjulia hali fundi redio aliyefuatana na mjane, akauliza habari za mkewe, akahamia kwa watoto mmoja mmoja, hadi fundi akachoka kusimama na ndoo yake ya mchanga, akaitua.

Walikuwa wamefuata betri. Fundi na marehemu walikuwa marafiki wa kurusha ndege ndogo za rimoti, na betri zake marehemu, laini na bapa kama vipande vya sabuni, zilikuwa kwenye sanduku la bati lenye mchanga wa kuzuia moto, katika stoo ya mama yake. Stoo ilipakana ukuta na chumba anacholala mama. Tangu siku ndege ilipoangukia bwawani na mwenyewe akaingia majini kuifuata, kwa walivyojua wao, hakuna aliyezigusa.

Vilipatikana ndege na viatu vyake tu. Wapiga mbizi walikuwa tayari kuendelea, ila mama mkwe aliwaambia basi, mwacheni mwanangu apumzike.

Mjane hakubisha. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula akiambiwa ale. Aliweza kutembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu asiitoe. Fundi alipomweleza kwamba betri za aina ile zikisahauliwa huvimba, na iliyovimba inaweza kushika moto na kuteketeza nyumba, kitu kimoja tu kilimgusa: mama mkwe analala pale. Wazazi wake mwenyewe walishafariki, mtoto hawakujaliwa. Huyu mama ndiye mtu aliyebaki naye duniani.

"Tutazitoa tu, mama," alisema. "Vitu vyake vingine hatugusi."

Mama mkwe alikubali shingo upande. Akawaomba wasubiri kidogo, panya wamevuruga humo ndani, aone aibu mbele ya mgeni? Aliingia peke yake, akajifungia. Walisikia vitu vikiburutwa, kisha mfuniko wa bati.

"Mama wa watu anafagia mpaka stoo," fundi alisema kwa sauti ya chini. Mjane alisema amekuwa hivyo tangu msiba. Siku hizi wageni anawapokea uani, na anapika sufuria kubwa kama ana kikosi cha jeshi, ukimuuliza anasema mkono umezoea.

Fundi alitikisa kichwa kwa huruma. Ili kupitisha muda akaanza kumfundisha. Iliyotuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu, asiiguse, amwachie yeye. Iliyo bapa na baridi ni nzima, imelala tu; betri ya kulala huachiwa nusu ya chaji, haijazwi wala haimalizwi. Yenye joto ni ile iliyotoka kuruka au kutoka kwenye chaja muda si mrefu.

"Na hizo marehemu hakukuruhusu uzisogelee," alisema. "Siku ya harusi yenu alitoka mezani, mkadhani tumbo limemchafuka. Unajua alikwenda wapi, shemeji? Alikumbuka ameacha betri kwenye chaja. Alipanda pikipiki ya mpishi na suti yake. Yule angeweza kuacha chochote, lakini si betri nje ya mchanga."

Mjane alijua anapaswa kucheka. Akacheka.

Mlango ulifunguliwa. Stoo ilikuwa na giza na ubaridi wa sakafu ya saruji. Mama mkwe alisimama kizingitini, mkono mmoja ukutani, akasema wafanye haraka, kifua chake hakitaki vumbi.

Fundi alipiga magoti, akafunua sanduku. Alichomoa betri ya kwanza, akaigeuzageuza, akaichomeka kwenye kipimo chake. Nusu kamili. Ya pili vilevile, bapa, haikuvimba hata kidogo.

"Ajabu," alisema. "Zangu mimi ninayezitunza zimeharibika. Huyu bwana alikuwa na mkono wa namna gani?"

Mjane alichuchumaa kando yake. Alitaka kumaliza, waende zao, mama alale salama. Akatia mkono kwenye mchanga. Mchanga ulikuwa wa baridi hadi chini, kama mchanga wa kisimani. Vidole vyake vikakuta ukingo laini wa betri ya tatu, iliyofukiwa upande, si wima kama zile nyingine.

"Hiyo iache, mwanangu," mama mkwe alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye kifua. "Nakuomba. Hiyo iache."

Mjane alikuwa ameshaikamata. Ilikuwa na joto.