Suruali Nyeupe ya Shemeji

"Magogo makavu haya, shemeji, ya kabla ya katazo la kukata miti," mfanyabiashara wa mbao alimwambia mkaguzi wa misitu, kaka wa mke wake. Ili aaminike, akajibwaga juu ya gogo la mninga lililoambuliwa gome, kakunja nne kama sultani, na suruali nyeupe ya kujishaua. "Gonga nyundo yako ya muhuri, twende kwa dada yako tukale."

Mkaguzi alitazama vichwa vya magogo vilivyopakwa vumbi ili vionekane vya zamani. Hata kudanganya kwenyewe, uvivu!

"Nisipogonga?"

"Yatakamatwa, na mimi nitiwe ndani. Dada yako utamwambia nini? Damu nzito kuliko maji."

Akainuka, akageuka kuwafokea wapakiaji wawashe lori. Wale waliokuwa nyuma yake wakabana vicheko. Makalioni, ile suruali nyeupe ilikuwa imelowa utomvu mwekundu, mbichi, unaonata kama asali. Gogo kavu gani hilo, linalotoka utomvu?

Mkaguzi aliirudisha nyundo mkobani, akatoa simu.

"Shemeji, usigeuke. Baki hivyo hivyo, picha inatoka vizuri."