Shukrani Tano kwa Siku

Kiwandani kwao Sefu, kila mfanyakazi hupewa shukrani tano kwa siku za kuwagawia wenzake. "Asante" ikimtoka tu, bangili ya mkononi humwongezea pointi aliyeshukuriwa. Zikiisha tano, akitamka ya sita hukatwa pointi zake mwenyewe, hata akiwa kwake.

Jioni hiyo mkewe, Mwanahawa, alimpikia samaki wa kupaka. Sefu akala mpaka akalamba vidole, akanyanyuka kimya, akampungia mkono kama trafiki.

Mwanahawa akaudaka mkono huo, akaisoma bangili. Tausi, Tausi, Tausi, Tausi, Tausi.

"Zote tano? Kwa mwanamke mmoja?"

"Amenishikia ngazi kutwa nzima, mke wangu."

"Ngazi! Mimi nimekushikia nyumba miaka kumi na tisa!"

Sefu akafungua mdomo, akaitazama bangili, akaufunga. Zilibaki pointi chache tu azibadilishe kwa friji pale kiwandani.

Wivu ulimkaba Mwanahawa mpaka kukakucha. Asubuhi akawa langoni, anaomba kazi.

"Idara gani?" karani akauliza.

"Yoyote, mradi niwe karibu na mume wangu."

Karani akamfunga bangili, wala hakushangaa. "Karibu, mama. Wewe ni mke wa tisa wiki hii."