Fuvu Namba Kumi na Saba

Wiki ya nne Mereana aliingia darasani na futi ya fundi cherehani shingoni, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mary," alisema mwalimu Pratley, "hapa tunachora. Hatushoni suti."

"Mereana," alimsahihisha, huku akiendelea kulipima fuvu lililokuwa juu ya meza, kutoka paji la uso hadi kisogoni, kisha shavu hadi shavu. "Wiki iliyopita nilipima kwa jicho ukanipa sifuri, mwalimu. Sasa nishike lipi?"

Pratley alikohoa, akaenda kumsumbua mwingine.

Lilikuwa darasa la Jumamosi mchana, katika chuo kidogo cha sanaa jijini Auckland, mwaka 1958. Wanafunzi walikuwa makarani na wake wa madaktari. Mmaori, mzawa wa asili wa nchi ile, alikuwa Mereana peke yake, mfua shuka wa hospitali, mikono imechubuka kwa sabuni. Muhula mzima kazi ilikuwa hiyo moja: kujifunza kuchora fuvu la binadamu.

Fuvu lenyewe lilikuwa la kale, rangi yake kama asali iliyokaa, gego moja limeng'oka, na ufa mwembamba juu ya jicho la kushoto. Kwenye panja mtu alikuwa ameandika kwa wino: *Pango, Kaskazini, 17*.

"Lilikuwa la nani?" Mereana aliuliza siku ya kwanza kabisa.

"La namba kumi na saba," alijibu Pratley, na wakacheka siku hiyo pia.

Doreen, karani wa posta aliyeketi naye, alizoea kuweka kikombe chake cha chai pembeni ya fuvu, na biskuti juu ya sahani. Mereana hakula wala kunywa chochote mle ndani hata mara moja. Kila alipotoka alisimama kwenye bomba la uani, akanawa, akajinyunyizia maji kichwani, kama wafanyavyo watu wa kwao wakitoka makaburini.

"Huu mkaa wa kuchorea unachafua kweli," alisema Doreen kwa huruma.

"Unachafua," alikubali Mereana.

Wiki ya saba aliomba alinyanyue fuvu.

"Uzito hauchorwi," alisema Pratley.

"Ukijua uzito wa kitu, mwalimu, unakichora kikiwa kimekaa. Usipojua, kinaelea. Tazama la Doreen."

Wote wakatazama la Doreen. Kweli lilikuwa linaelea. Doreen mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Pratley akageuza uso, na Mereana akalibeba fuvu kwa mikono miwili, kama mtu apokeaye mtoto mchanga.

Wiki ya tisa alikuja na rangi.

"Nani kakuruhusu rangi?"

"Hakuna aliyenikataza."

"Ninakukataza sasa!"

"Umechelewa, mwalimu. Nimeshamaliza."

Kila Jumapili alizibeba karatasi zake hadi kwa binamu yake Tamihana, aliyetengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha daktari wa meno. Tamihana alikuwa mkali kuliko Pratley.

"Hili pengo la gego lina kina gani?"

"Hilo sikupima."

"Ala! Sasa dada yangu huko unakwenda kufanya nini, kuota jua? Rudi ukapime. Nataka huyo mwalimu wako aangalie mpaka macho yamtoke, asione kosa."

Akarudi, akapima.

Jumamosi ya mwisho Pratley alipita meza hadi meza akichagua michoro ya kutundikwa ukumbini kwenye maonyesho. La Doreen lililoelea lilichaguliwa. Alipofika kwa Mereana alizipekua karatasi arobaini na moja, pande zote za fuvu, juu, chini, hata ndani ya mashimo ya macho, namba zimejaa pembeni kama daftari la seremala.

"Hii si sanaa," alisema, akipaza sauti ili wote wasikie. "Ni kunakili. Nyinyi Wamaori mna mikono, Mary, sikatai. Lakini sanaa inataka roho. Cheti hupati."

"Mwalimu, jamani!" alisema Doreen. "Hakuna aliyejitahidi kama yeye!"

"Mwache," alisema Mereana. Alizipanga karatasi zake taratibu, moja juu ya nyingine, kisha akamtazama Pratley machoni. "Jina langu ni Mereana. Na cheti chako baki nacho, mwalimu. Nilikuja nijifunze kuliangalia fuvu hili, na nimejifunza."

Zamu ya kufagia ilikuwa yake. Wenzake wakaenda ukumbini kuagana kwa mvinyo na keki, naye akabaki na fagio. Doreen aliporudi kuchukua koti lake alikuta sakafu inang'aa, fuvu limekaa mezani mahali pake, na Mereana yuko mlangoni, amekumbatia kapu la nguo, machozi yanamtiririka.

"Usilie, shoga yangu. Yule mzee hajui kitu."

"Hajui," alisema Mereana, akatoka.

Jumamosi mbili baadaye Pratley aliwakusanya wanafunzi wapya kuizunguka ile meza, akaelekeza penseli kwenye ufa mwembamba juu ya jicho la kushoto.

"Liangalieni vizuri," aliwaambia. "Hakuna mkono wa binadamu uwezao kutengeneza kitu kama hiki."

Saa hiyohiyo, maili mia moja na hamsini kaskazini, wanawake walikuwa wakimlilia babu yao, yule namba kumi na saba, aliyerudi nyumbani, na Mereana na Tamihana walikuwa wakisukuma jiwe la mwisho kwenye mdomo wa pango.