Changu wa Ukwaju

Presha ilikuwa imeshamwangusha Mzee Badi mara moja. Tangu daktari amkataze chumvi, alikuwa akisukuma sahani na kulala na njaa. Leo mkewe, Mwanahawa, alimpikia samaki aina ya changu kwa ukwaju, tangawizi na pilipili mbuzi, kisha akasimama mlangoni, roho juu.

Badi alimega ugali, akachovya, akatafuna polepole.

“Mama Shamte, umenifichia chumvi humu?”

“Hata punje, wallahi.”

“Muongo wewe!”

“Basi niache nikupikie uji.”

Badi akachovya tena. Kisha akakata kichwa cha samaki, ambacho hakuwahi kumwachia mtu, akakisogeza upande wa pili wa sinia.

“Njoo ule, kabla uroho haujanirudia.”

Mwanahawa akanawa. Maji mengi yalimwagikia mkekani, jinsi alivyokuwa na haraka ya kuketi.