Kidoti cha Baba

Siku hizi mtu akifa picha zake zote zinafutwa. Mnatumiwa moja tu kwenye simu, imefichwa ndani ya visanduku vyenye namba pembeni za kuonyesha vipi vijazwe weusi na vipi viachwe wazi. Mkikosea kisanduku kimoja, nayo imeenda.

Ya baba niliwapelekea wenzangu tunaofumbua nao mafumbo. Siku nne tunajaza, kikabaki kisanduku kimoja cha shavuni.

"Jaza hapo," mama akasema. "Baba yenu alikuwa na kidoti."

"Namba zinakataa, mama," mwenzetu Chausiku akajibu. "Na sisi huwa hatubahatishi."

"Miaka ishirini nimelala naye, leo nabahatisha?"

Tukakiacha wazi. Picha ikakubali, baba huyo anacheka. Mama akalia, akatupikia chai.

Jana kaniuliza taratibu, "Kwani kidoti kilikuwa kwenye shavu gani?"

Na mimi sikumbuki.